Asimwe, Hukuzaliwa Uwe Kisasi Changu

Kibeta, Bukoba
Jumapili, jioni

Asimwe mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na mimi nimefunga cherehani mapema ili nikuandikie kabla hujarudi. Sitakuandikia habari za chandarua, wala za kuishi na wenzako bwenini, wala za kuanika nguo mahali ambapo hazitaibwa. Hayo nimeyasema mpaka umeanza kunimalizia sentensi. Barua nitaiweka katikati ya kanga zako ndani ya begi. Uisome ukishafika Mwanza, usiisome ndani ya basi, maana kuna mahali utanikasirikia, na ndani ya basi mtu hana pa kwenda na hasira zake.

Watu wa kanisani wananiona mama mpole anayeshona sare za watoto. Mimi ni mtu wa kisasi, Asimwe. Nimekuwa hivyo tangu nina miaka kumi na minne, na bado sijapona.

Unamjua babu yako wa Rubafu kama mzee wa kanisa anayeombewa kila akipiga chafya. Mimi namjua kama mtu aliyegawa nyama kwa namba. Krismasi, tukitoka ibadani, watoto wote tulikaa mkekani sebuleni. Mmoja mmoja alisimama, akataja amekuwa wa ngapi darasani, na Tata, baba yangu, akagawa nyama kwa kufuata namba hizo. Wa kwanza alipata paja. Mwaka niliokuwa wa sita nilipewa shingo, na wageni wakiangalia. Mama yangu alikuwa na kawaida ya kunifichia kipande jikoni, lakini kipande cha kufichiwa hakishibishi.

Mjomba wako Rwezaura alinizidi miaka mitatu. Alipomaliza darasa la saba hakuchaguliwa kwenda sekondari. Hilo halikutajwa nyumbani hata mara moja. Tuliambiwa tu kwamba anakwenda kukaa kwa rafiki wa Tata huko Muleba. Baada ya miezi michache mimi na mama tulitumwa kumpelekea ndizi na maharage. Tulipofika kwenye shule ya msingi ya kijiji kile, mwalimu akaita dirishani, "Kalumuna! Una wageni." Akatoka Rwezaura.

Kalumuna alikuwa mvulana wa kijiji hicho aliyeacha shule akaenda kuvua ziwani. Jina lake lilibaki kwenye daftari la mahudhurio, na Tata aliongea na watu anaowajua, Rwezaura akaingia ndani ya jina hilo kama mtu anavyoingia ndani ya koti la mwenzake. Mama alinibana mkono.

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu, Mawe."

"Vizuri. Usije ukaona."

Akarudia mtihani, akachaguliwa, Tata akachinja ng'ombe. Vyeti vyake vyote mpaka leo vinasema Kalumuna. Watoto wake wameambiwa kwamba hilo ni jina la babu mkuu wa ukoo. Katika ukoo wetu hakuna mtu wa jina hilo, hata kaburi lake halipo.

Miaka mitatu baada ya Rwezaura kufeli ilikuwa zamu yangu. Na hapa ndipo pa kwanza utakaponikasirikia. Wewe nilikuambia kwamba sikwenda sekondari kwa sababu tulikosa ada. Si kweli. Sikuchaguliwa. Nilifeli, Asimwe. Nilikaa na mtihani ule, nikafanya nilivyoweza, na nilivyoweza havikutosha.

Nilipiga magoti mbele ya Tata nikamwambia, "Tata, waitu, nakuomba, na mimi nitafutie jina."

Hakunipiga. Ningependa angenipiga. Alicheka kidogo, akasema, "Msichana hatafutiwi jina. Msichana jina atapewa na mumewe."

Krismasi ya mwaka huo zamu yangu ya kusimama ilipofika, akaniruka. Akasema, "Huyu atatupikia." Rwezaura, ambaye alijua kwamba mimi najua, alicheka kuliko wote. Nikaenda jikoni, nikapika. Nikiwa nakoroga maharage niliapa kwamba nitazaa mtoto, na mtoto huyo atawafumba midomo wote waliokuwa sebuleni.

Ukazaliwa wewe.

Ulikuwa na akili, hilo sikulitengeneza mimi. Ulisoma maandishi ya kwenye mfuko wa unga kabla hujaanza shule, baba yako akacheka mpaka akakaa chini. Yeye alipofariki ulikuwa darasa la pili, na hapakubaki mtu wa kunizuia. Alikuwa akiniambia, "Koku, mwache mtoto acheze." Nilipomzika nadhani nilizika na maneno hayo.

Mjomba wako alipofungua kundi la ukoo kwenye simu, mimi nilifurahi kuliko yeye. Kila ripoti yako ilipotoka niliipiga picha, nikaituma, nikaandika, "Tumshukuru Mungu." Mungu sikuwa namfikiria hata kidogo. Nilikaa nimeshika simu nikingoja zile alama mbili zigeuke buluu kwa Rwezaura. Zikigeuka, na yeye asiandike kitu, nilishona siku nzima nikiimba. Na ripoti ya mwanawe Derick ikija mbaya, au isipokuja kabisa, nililala vizuri. Mtoto wa kaka yangu, ambaye hakunikosea lolote, alishuka darasani na mimi nikalala vizuri.

Darasa la tano ulikuwa wa pili. Kwa siku tisa sikukusemesha. Nilikuwekea chakula, nikakufulia, na mdomo nikaufunga. Siku ya saba ulikuja ukapiga magoti pembeni ya cherehani na karatasi mkononi.

"Mama, nimerudia mtihani wote wa hesabu peke yangu. Nadhani nimepata yote. Naomba unisahihishie."

Mama mwingine angekukumbatia. Mimi nilitafuta kalamu nyekundu. Nikasahihisha, nikakuta kosa moja, nikalizungushia duara, nikakurudishia karatasi bila neno. Sikukusemesha kwa siku mbili zaidi. Nimeshona maelfu ya sare tangu siku ile, na bado nikifumba macho naona lile duara.

Kidato cha nne, matroni wa shule yenu alinipigia simu. Akasema unang'oa nywele zako usiku, moja moja, na kisogoni pameshakuwa peupe kama kifuniko cha soda. Akasema, "Mama, mtoto ana mzigo. Njoo mzungumze naye."

Nikamjibu, "Mtoto wangu hana mzigo. Ana mtihani."

Nilikuja, ndiyo. Unakumbuka nilikuja na wembe. Nilikunyoa kichwa kizima ili pale kisogoni pasionekane. Nikakuambia umependeza. Sikukuuliza kitu, maana nilijua ukinijibu itanibidi nisimame, na nilikuwa nimekaribia sana. Mwaka mmoja tu, halafu Rwezaura atainamisha kichwa.

Matokeo yalipotoka ulikuwa umepata divisheni ya nne. Kuanzia siku ya kemia, somo ulilokuwa ukiwafundisha wenzako, hukuandika kitu zaidi ya namba yako ya mtihani. Ulikuwa umesimama mlangoni na ndoo ya maji. Nilikuambia, "Umenizika. Na koleo umewapa wao."

Uliweka ndoo chini taratibu, maji yasimwagike. Siku ya tatu hukuwepo.

Sikukutafuta siku ya kwanza. Hilo nalo ulijue. Siku ya kwanza nilikaa nikiwaza nitawaandikia nini kwenye kundi. Ya pili ndiyo nikaanza kulia, na ya tano mama mmoja anayeuza dagaa sokoni akaniambia amekuona mwaloni, upande wa Muleba, ukipanda mtumbwi wa kwenda visiwani.

Nilivuka ziwa nikiwa nimeshika ubao wa kukalia kwa mikono miwili, nikitapika, na moyoni nimeandaa maneno ya kukurudisha. Nilikuona kabla hujaniona. Ulikuwa umeinama kwenye mchanga unatandaza dagaa, miguu mitupu, kitambaa kichwani. Mama Pendo, yule Mkerewe mwenye sauti ya tarumbeta, alikuwa amesimama nyuma yako.

"We Asimwe! Umezirundika namna hiyo, si zitaoza? Zoa, anika upya."

Ukacheka. Ukasema, "Nimekosea, mama," ukazoa, ukaanza tena.

Nilisimama pale nikahesabu nyuma miaka yote. Sikuwahi kukusikia ukisema neno "nimekosea" bila kutetemeka. Ungedhani nilifurahi. Nilichukia. Nilimchukia yule mwanamke kwa kukupa kwa siku tano, na dagaa wake wanaonuka, kitu ambacho mimi sikukupa kwa miaka kumi na saba.

Nikamwambia bila hata salamu, "Nimekuja kumchukua mwanangu. Huyu si mtoto wa kuanika dagaa."

Akaniangalia kuanzia viatu mpaka kilemba. "Karibu, mama. Mkeka ule pale, na uji upo. Ukitaka kumchukua, mwulize kwanza yeye kama anachukulika."

Nilikaa siku tatu. Siku ya pili nilikuona umekaa na fundi wa injini za mitumbwi, mikono imejaa grisi. Ulifunga kitu kinyume, injini ikakohoa moshi mweusi, wavuvi wote wakakuzomea, na wewe ukacheka nao, ukaifungua tena kwa hamu kama mtoto anayenyofoa mabawa ya senene. Jioni yake tukaketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Ukaniuliza swali ambalo nimelala nalo kila siku tangu hapo.

"Mama, ulinipeleka shule nisome, au nikupigie mtu?"

Nikaanza kukung'uta mchanga miguuni.

Ukasema, "Mimi nilikuwa fimbo yako. Siku ya kemia nilikaa nikaona, nikijibu vizuri utampiga Mjomba, nikijibu vibaya utanipiga mimi. Nikaona bora nisijibu."

Nilirudi Kibeta bila wewe. Uliporudi mwenyewe baada ya mwezi mmoja, tulipika, tukala, hatukulizungumza tena. Nilidhani kunyamaza ni kuomba msamaha. Sivyo.

Sasa nikuambie kilichotokea Krismasi hii. Wewe ulikataa kwenda Rubafu, nikakuambia babu ana haki ya kukuona, ukaniambia macho yake hayaoni vizuri hata hivyo. Nilicheka nikiwa njiani, ndani ya gari, peke yangu. Niliporudi ukaniuliza kulikuwaje, nikasema kulikuwa salama. Hakukuwa salama.

Mjomba wako alikuja kutoka Dar na Derick. Huyu kijana ameota ndevu kidogo sasa, na kucha zake amezitafuna mpaka kwenye nyama. Niliziona akipokea maji ya kunawa. Tata amezeeka, anashikwa mkono kwenda nje, lakini baada ya ibada aliketi kwenye kiti chake kilekile na sinia likaletwa mbele yake, na watoto wakaanza kusimama.

Derick akasimama. "Wa tatu, babu."

Tata akageuza sikio. "Wa tatu? Nani anamkumbuka wa tatu?"

"Atarekebisha, Tata," Rwezaura akasema, akiangalia sakafu. Kisha, kama mtu anayetafuta pa kukimbilia, akanigeukia mimi. "Koku, na yule Asimwe wako, daktari wetu? Nasikia siku hizi anatibu dagaa."

Sebule nzima ikacheka.

Nilikuwa nimesikia kicheko kile miaka thelathini nyuma, na sikuwa na maharage ya kwenda kukoroga. Nikainuka. Nikaenda kusimama pale katikati ya mkeka, wanaposimama watoto.

"Mimi ni Kokushubira," nikasema. "Darasa la saba sikuchaguliwa. Na kaka yangu Rwezaura hakuchaguliwa."

Mtu mmoja akaweka kikombe chini. Rwezaura akasema, "Koku, umelewa?"

"Nimekunywa chai." Nikamgeukia mwanawe. "Derick, hilo jina la Kalumuna unaloandika kwenye madaftari yako si la babu mkuu. Ni la mvulana wa Muleba aliyeacha shule akaenda kuvua. Baba yako aliliazima ili arudie mtihani. Mimi nilimpelekea ndizi huko. Babu yako ndiye aliyemtafutia."

"Kaa chini," Tata akasema.

"Sikai, Tata. Bado hujanipa nyama yangu."

Nikainama kwenye sinia, nikachukua paja, nikalila nimesimama mbele yao wote. Lilikuwa limepoa. Sijawahi kula kitu kitamu kama kile. Siwezi kukudanganya, Asimwe, nimekudanganya vya kutosha. Nilimwangalia kaka yangu usoni na nikaona kile nilichokitafuta kwako kwa miaka kumi na saba, na nikakipata kwa mdomo wangu mwenyewe, bila ripoti ya mtu yeyote.

Ila sikutegemea Derick.

"Baba," akasema. "Ulifeli?"

Rwezaura akasogeza sahani yake pembeni.

"Baba, kweli ulifeli?"

"Ndiyo," akasema, kwa sauti ya mvulana aliyekuwa ametoka mlangoni siku ile shuleni.

Nilidhani kijana atatoka nje kwa aibu. Nilitaka atoke, usinifanye mtu mwema, nilitaka baba yake aachwe peke yake na aibu. Lakini Derick alicheka huku machozi yanamtoka. Akaenda kukaa chini karibu na miguu ya baba yake. "Sasa kwa nini hukuniambia?" akasema. "Mimi nikifikiri wa kwanza kufeli kwenye ukoo nitakuwa mimi. Nimekuwa nikiwaza nitakimbilia wapi." Na Rwezaura, mtu ambaye hakuwahi hata kumshika mkono mtoto mbele ya watu, akaweka kiganja juu ya kichwa cha mwanawe, akakiacha pale.

Nilitoka nje nikashika mgomba, nikatapika lile paja lote. Si kwa ajili ya Rwezaura, yeye alistahili. Nilikumbuka kisogo chako. Mimi nilikuwa na dawa hiyohiyo kabatini miaka yote, sentensi moja tu, "Mwanangu, hata mimi nilifeli, na bado nakula na kulala," na sikukupa. Ningekuambia siku ile ya kalamu nyekundu, au siku ya wembe. Niliificha kwa sababu mtu anayekwenda kulipiza kisasi hataki fimbo yake ijue kwamba hata yeye aliwahi kuvunjika.

Tangu hapo Rwezaura ametoka kwenye kundi la ukoo. Tata hasemi nami. Mchungaji alikuja juzi, ukamkaribisha wewe mwenyewe chai, ukadhani amekuja kwa habari za sare za kwaya. Alikuja kuniomba nikapatane na baba yangu. Nilimwambia nitakwenda kumpikia na kumfulia, kwa kuwa ni mzee na amebaki peke yake, lakini kusamehe bado. Akasema hasira itanila. Nikamwambia ilianza kula zamani, na ilichokula kwanza ni mwanangu.

Derick ananipigia simu. Wiki iliyopita aliniambia amekuwa wa kumi na moja, na baba yake alisema tu, "Haya, kula." Kijana alisema neno hilo mara tatu, "Haya, kula," kama mtu anayesimulia muujiza.

Unakwenda kusomea injini. Majirani wanauliza kwa nini msichana mwenye akili zako anakwenda kushika grisi, na mimi ninawajibu vibaya, kwa raha sana. Huko utafunga vitu kinyume. Mwalimu atakuzomea mbele ya wavulana, na kuna siku utaona mkono wako unapanda kichwani kutafuta nywele. Siku hiyo nipigie, hata kama nina wateja. Sitakuambia utashinda. Nitakusimulia tena jinsi nilivyofeli, pole pole, na majina ya wote waliochaguliwa siku ile, maana ninayakumbuka yote.

Sikuombi unisamehe. Mimi sijamsamehe baba yangu, ningekuwa na uso gani wa kukudai wewe? Pengine ukisoma haya utakasirika leo, pengine baada ya miaka kumi, ukiwa na mtoto wako mapajani na ghafla ukakumbuka zile siku tisa. Hasira hiyo ikija, ni haki yako. Usiimeze. Panda basi uje Kibeta, nitakufungulia mlango, na unilipize mimi mwenyewe, kwa maneno yoyote utakayoyaona yanafaa.

Mwanao usimtume.

Mama yako,
Koku